Jinsi ya kuziangalia nyumba za zamani Posta mpaka Uhindini

Jamani, mtu wa Dar ukimwambia mji wetu una majengo ya kale anakwambia nenda Bagamoyo au Zanzibar, wakati kila siku anayapita akiwahi gari. Yapo, ila yanataka utulie.

Nenda Jumapili asubuhi, saa moja moja hivi, maduka yamefungwa na foleni hamna. Shuka mwendokasi pale Posta ya Zamani, rudi kwa mguu na Sokoine Drive mpaka kona ya Morogoro Road, hapo ndo Old Boma, ilijengwa 1866 mpaka 1867 enzi za Sultan Majid wa Zanzibar. Usipige selfi ukaondoka. Sogea ukutani, tafuta sehemu plasta imebanduka, utaona jiwe lina vitundu vitundu kama sega la nyuki, hilo ni tumbawe, lilikuwa hai baharini kabla halijajengewa kwa chokaa. Ukipata nafasi ya kuingia angalia dari, ni boriti za mikoko, na kwa sababu boriti ya mkoko ni fupi ndo maana vyumba vya nyumba za zamani za pwani vinakuwa vyembamba afu virefu. Ukishajua hilo, ukiona chumba cha hivyo popote pwani unaanza kuhisi kuna mikoko juu. Na kama una nyumba ya hivyo ya urithi, tafadhali usimpe fundi aipige simenti, ukuta wa chokaa unatakiwa upumue, simenti inafungia unyevu ndani na ukuta unaanza kumong'onyoka.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa toka Bagamoyo mwaka 1891, na ujenzi ukabadilika. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, 1897 mpaka 1902, angalia matao yenye ncha. Kanisa la Kilutheri la Azania Front walianza kulijenga 1898, lina vigae vyekundu, na ukikaza macho kila dirisha lina kapaa kake kadogo juu, nakapenda sana kale. Kama kuna ibada subiri iishe ndo uingie. Picha piga, ila Ikulu na bandarini weka simu mfukoni kabisa.

Panda na Azikiwe mpaka sanamu ya Askari, ya 1927, pale mwanzo Wajerumani walikuwa wamemuweka gavana wao von Wissmann, Waingereza wakamtoa. Zunguka chini usome, kuna Kiswahili kwa herufi za Kiarabu pia.

Sasa ingia Uhindini, mitaa ya maduka ya Wahindi, yaani Indira Gandhi, Zanaki, Jamhuri, mpaka Kisutu. Hapa kanuni ni moja tu, usiangalie chini. Chini ni fremu na mabango, nyumba yenyewe inaanzia juu ya bango. Roshani, kona za mviringo, maua ya simenti, na nyingine zina mwaka na jina la mwenyewe kule juu kabisa. Duka chini, familia juu, ndo walivyoishi. Ukikuta mzee amekaa barazani msalimie vizuri shikamoo, muulize nyumba ilikuwa ya nani, wengi wanapenda kuulizwa.

Ujue pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863, na mji huu karibu wote umejengwa baada ya hapo, kwa hiyo jengo lisipotangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali halina kinga. Ndo maana yanaondoka.

Kuna nyumba moja nilikuwa naipita miaka, mlango wa nakshi, roshani ya mbao, siku moja nakuta mabati yamezungushwa na juu ni anga tupu. Picha niliyobaki nayo ni ya mlango tu, tena nusu umezibwa na pikipiki. Kwa hiyo ukipiga, vuka barabara, urudi nyuma mpaka ukutani, upige nyumba nzima toka ngazi mpaka paa, afu andika mtaa na tarehe hapo hapo.