Namna ya kutuma data kwa maumbo ya mwanga wa leza katika hewa isiyotulia

Chagua kwanza maumbo ambayo hata hewa ikiyatikisa bado yatatambulikana. Mwaka 2014, mjini Vienna, Austria, watafiti walipitisha leza ya kijani kwenye kioo kidogo cha fuwele kioevu kinachoongozwa na kompyuta, wakapata maumbo 16, mengi yakiwa kama petali zilizopangwa duara, kisha wakayarusha juu ya mapaa ya jiji umbali wa kilomita 3. Maumbo 16 yanatosha kubeba biti 4 (yaani tarakimu nne za 0 au 1) kwa kila mmweko.

Upande wa kupokea ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Mafungu ya hewa ya moto na ya baridi huupinda mwanga, kama yanavyofanya mazigazi barabarani saa sita mchana, hivyo petali hufika zimevurugika na doa zima huyumba. Usihangaike kulinyoosha: liache liangukie ubao mweupe, lipige picha kwa kamera, kisha uufundishe mtandao wa neva (programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano) kutambua kila umbo kwa picha zilizopigwa kwenye njia hiyohiyo, za saa mbalimbali, kwa sababu picha safi za maabara hazitaufundisha mtikisiko wa huko nje. Vienna walifanya hivyo, na makosa yakawa takriban asilimia 1.7.

Inua njia ya mwanga mbali na mabati yenye joto, na uhakikishe haipiti usawa wa macho ya mtu yeyote. Kasi isikuvunje moyo: kioo kinachobadilika mara 60 kwa sekunde hakiwezi kuvuka biti 240 kwa sekunde.