Keria ya Kushushia Karafuu: Namna ya Kuisanifu Isikatike

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, pikipiki iliyoundwa kuchukua watu 2 hugeuka chombo cha kushushia mapolo kutoka shamba, na keria ikikatika husemwa kuwa chuma kilikuwa chembamba. Aghalabu chuma hakina kosa. Kosa limo katika umbo.

Kabla ya kukata bomba, amua mzigo utakaa wapi. Tuseme baina ya ekseli mbili za pikipiki yako pana sentimita 125. Polo la kilo 50 likikaa na kitovu chake sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma, tairi la mbele hupoteza kilo 8 (50 × 20 ÷ 125), na kwenye mlima usukani huwa mwepesi kwa namna ya kutisha. Kwa hiyo isogeze keria mbele kadiri inavyowezekana, hata abiria akikosa nafasi. Siku ya karafuu si siku ya abiria.

Kwa chuma, chagua bomba badala ya nondo. Bomba la kipenyo cha milimita 25 lenye unene wa milimita 2 ni jepesi kidogo kuliko nondo ya milimita 14 ya urefu uleule, lakini hustahimili kupinda takriban mara 5 zaidi, kwa sababu chuma chake kimekaa mbali na kitovu.

Jambo kubwa ni pembetatu. Keria iliyoshikwa kwa mbele tu ni mfano wa tawi la mkarafuu lililokaliwa nchani: hukatikia shinani. Weka mihimili 2 ya mshazari, kulia na kushoto, itoke ncha ya nyuma ya keria hadi kwenye boliti ya juu ya shokomzoba, ambapo fremu iliundwa tangu mwanzo kupokea uzito. Usiifunge kamwe kwenye mkono wa tairi la nyuma, kwani huo hupanda na kushuka katika kila shimo.

Keria yangu ya kwanza niliichomelea moja kwa moja kwenye fremu. Siku moja, nilipokuwa nikiipangusa matope, niliona rangi imeinuka kama ukucha na chini yake uzi mwekundu wa kutu, milimita chache tu kando ya mshono. Mahali pale moto hubadilisha tabia ya chuma, na unene hubadilika ghafla, basi kila mtikisiko hukusanyika hapohapo. Tangu hapo nachomelea keria ikiwa pembeni, kisha naifunga kwa boliti zilizokwisha kuwepo, bila ya kutoboa fremu.

Hewa yetu ya chumvi hula bomba kutoka ndani. Ziba ncha zote kwa kuchomelea au, zikibaki wazi, acha tundu la milimita 5 upande wa chini ili maji yatoke. Baada ya safari za wiki ya kwanza, kaza boliti upya, kwa kuwa rangi iliyobanwa chini ya washa hujikandamiza na kuzilegeza.