Jinsi ya Kuandaa Taarifa ya Machapisho na Manukuu kwa Ajili ya Ombi la Kupandishwa Cheo

Mtafiti wa fiziolojia ya wanyama wa majini anayeomba kupandishwa cheo kwa kawaida hutakiwa kuambatisha taarifa inayoonyesha amechapisha nini na kazi zake zimenukuliwa kwa kiasi gani. Waombaji wengi hukimbilia kunakili tarakimu kutoka kwenye skrini, ilhali tarakimu hizo haziwezi kuwa sahihi kuliko kumbukumbu zilizozizaa. Kwa sababu hiyo, kusafisha kumbukumbu hutangulia kuhesabu.

Kwanza, jisajili ORCID, huduma isiyolipishwa iliyozinduliwa mwaka 2012, ambayo humpa kila mtafiti kitambulisho cha alama 16. Ingiza humo machapisho yako kwa kutumia namba ya DOI ya kila makala, yaani kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni, badala ya kuandika vichwa kwa mkono, kwa kuwa kosa dogo la tahajia katika jina la kisayansi la samaki laweza kuzaa rekodi mbili za makala moja.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi kubwa. Katika Scopus, hifadhidata ya makala za kisayansi na manukuu yake, wasifu wa mwandishi hutengenezwa na programu ya kompyuta, wala si na mwandishi mwenyewe. Aliyechapisha kuhusu matamvua ya perege kwa herufi moja ya jina lake la kwanza, kisha akahamia taasisi nyingine na kuandika kuhusu kamba kwa jina kamili, anaweza kujikuta ana wasifu mbili, huku mojawapo ikiwa imechanganywa na kazi za mtu mwingine mwenye jina kama lake. Tafuta wasifu zote zinazokuhusu, chagua jina unalotaka lionekane, pitia orodha makala kwa makala, kataa zisizo zako, kisha wasilisha ombi la kuziunganisha kwa kutumia barua pepe ya taasisi yako. Ombi hilo hukaguliwa kabla ya kukubaliwa. Usilingoje juma la mwisho.

Kagua pia manukuu yaliyopotea. Jarida la Comparative Biochemistry and Physiology, ambalo wengi katika fani hii wamechapisha humo, limegawanywa katika sehemu A, B, C na D, na mwandishi anayekunukuu akisahau herufi hiyo, mfumo unaweza kushindwa kulihusisha nukuu na makala yako. Mtafiti mkongwe naye asishawishike kusahihisha vichwa vya zamani: samaki aina ya trauti aliyeitwa Salmo gairdneri alianza kuitwa Oncorhynchus mykiss mwaka 1989, lakini makala iliyotoka kabla ya hapo hubaki na jina lililochapishwa.

Sasa hesabu. Kielezo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hupatikana kwa kupanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi: ikiwa makala 8 zimenukuliwa angalau mara 8 kila moja, na ya tisa haijafikisha 9, kielezo chako ni 8. Google Scholar aghalabu hutoa tarakimu kubwa kuliko Scopus au Web of Science, kwa kuwa hujumuisha tasnifu na ripoti nyingi zisizomo katika hifadhidata hizo mbili. Usichukue idadi ya makala huku na idadi ya manukuu kule; tumia chanzo kimoja, na uandike jina lake pamoja na tarehe uliyoitazama. Ni busara pia kuonyesha idadi ya manukuu ukiondoa yale uliyojinukuu mwenyewe, kabla kamati haijauliza.

Kigezo cha athari cha jarida (impact factor), yaani wastani wa manukuu ya makala zake, hupima jarida, si makala yako, na Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu tathmini ya utafiti lilipinga kukitumia kumpima mtafiti mmoja mmoja. Fomu ikikidai, kijaze kama ilivyoelekezwa, lakini chagua makala tatu au nne na ueleze kwa sentensi chache kila moja imetumiwa na nani na kwa kazi gani: kwa mfano, kwamba mbinu yako ya kupima matumizi ya oksijeni imefuatwa katika tafiti za spishi nyingine.

Mwisho, pakua orodha kamili ya machapisho na manukuu siku ileile unayojaza fomu, uihifadhi pamoja na nakala ya ombi. Tarakimu zikiongezeka kabla ya usaili, usibadilishe fomu iliyokwisha kupokelewa. Peleka nyongeza yenye tarehe mpya.