Wiki ya kuzamia Bonaire: pikapu, mawe ya manjano na marafiki watano

Bonaire, kisiwa kidogo cha Karibi, hakuna mtu atakayekusubiri gatini na orodha ya majina. Lielewe hilo kabla hujawapigia marafiki simu. Kwenye visiwa vingi mzamiaji hupakiwa kwenye boti, akaambiwa aruke, akaongozwa chini kama mtoto wa chekechea, kisha akarudishwa apewe chai. Hapa mnakodi pikapu, mnapakia mitungi nyuma, mnaendesha kando ya bahari hadi muone jiwe la manjano lililoandikwa jina kwa rangi. Mnaegesha, mnavaa, mnaingia majini kwa miguu yenu. Kuogelea kidogo tu, matumbawe yako chini yenu. Kiongozi ni ninyi wenyewe.

Uhuru huo ni mtamu, na ndio huohuo ulioponza wiki yetu siku ya pili.

Tulikuwa sita. Wawili tulikuwa na cheti cha juu, watatu walikuwa na kile cha kwanza kinachoishia mita 18, na mmoja hakuwa amegusa mtungi kwa miaka minne, ingawa kwenye kikundi cha WhatsApp yeye ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote. Kwa hiyo kabla ya tiketi kununuliwa, kila mtu aandike mambo matatu: ana cheti gani, ameshapiga mbizi ngapi, na ya mwisho ilikuwa lini. Aliyekaa nje ya maji mwaka mzima au zaidi akachukue somo la kujikumbusha kwenye bwawa huko huko anakoishi. Asije kujikumbushia Bonaire kwa muda wa wenzake.

Makaratasi yapitishe haraka lakini mapema. Bonaire ni sehemu ya Uholanzi tangu Antili za Kiholanzi zilipovunjwa tarehe 10 Oktoba 2010, ila haimo ndani ya eneo la Schengen, hivyo kila mmoja aulize habari za viza kwa pasipoti yake mwenyewe, asitegemee jibu alilopewa jirani. Fedha ni dola ya Marekani. Mgeni hulipa kodi ya kuingia, dola 75, halafu ada ya hifadhi ya bahari. Mimi nililipa dola 40. Hifadhi hiyo ipo tangu 1979 na inazunguka kisiwa kizima, kwa hiyo hakuna pa kuzamia pasipo na ada. Kateni pia bima ya kuzamia. Kisiwani kuna chemba ya kutibu ugonjwa wa mgandamizo, ule unaompata mzamiaji anayepanda haraka, lakini bili yake si ya kuchangiana juu ya meza.

Tukizungumzia kuchangiana: fungueni mfuko mmoja siku ya kwanza, kila mtu atie kiasi sawa, ashike mtu mmoja asiyeona haya kusema hapana. Petroli, maji, mkate, mayai, vyote vitoke humo. Sisi tulimpa mhasibu wetu. Tutamrudia.

Msimu usikuumize kichwa sana. Kisiwa kiko kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga, na maji ni kati ya nyuzi 26 na 29 mwaka mzima. Cha kuzingatia ni upepo. Huvuma kutoka mashariki karibu kila siku, ndiyo maana karibu mawe yote ya manjano yako magharibi, upande uliokingwa. Mashariki bahari huchafuka. Iache kwa wenyeji wanaoijua.

Siku ya kufika usizamie. Kuleni, mlale. Kesho yake kuna mbizi ya lazima ya majaribio mnapozamia, ambayo watu huiona usumbufu. Mtaelezwa masharti: glavu haziruhusiwi, maana mwenye glavu hushika, usikanyage matumbawe, usiokote hata gamba, mafuta ya kujikinga na jua yenye oksibenzoni au oktinoksati ni marufuku. Vaeni fulana za mikono mirefu, mambo yaishe. Lakini faida kubwa ya mbizi hiyo ni kupima vizito vyenu. Mwishoni, mtungi ukiwa umebaki bar 50 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa), toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, vuta pumzi ya kawaida uizuie. Maji yakikufika usawa wa macho ukaelea hapo, uzito wako umekaa. Yule mwenzetu wa miaka minne alijifunga kilo kumi kiunoni kwa woga. Alikuwa anazama kama nanga, anajaza hewa kwenye jaketi ili apande, anapiga miguu kama anayekimbia nyuki, na mtungi wake uliisha dakika ya ishirini na tano. Tulimtoa kilo nne. Mbizi iliyofuata alikaa dakika arobaini na tano, na kwa mara ya kwanza tukaona anatazama samaki badala ya geji ya hewa.

Hapo ndipo mnapopanga jozi. Msipangane kwa urafiki, wala kwa ndoa. Panganeni kwa pumzi. Anayemaliza mtungi haraka akae na anayemaliza haraka, mwenye pumzi ndefu na mwenziwe. Walio na mke na mume wao watanuna kidogo wakati wa kifungua kinywa. Watazoea.

Sasa siku ya pili. Mitungi kisiwani hujazwa vituoni, unapita na pikapu unapakia mingine, na wengi huuza wiki nzima kwa bei moja, uzamie utakavyo. Maneno hayo, "utakavyo", yalitupanda kichwani. Tulipiga mbizi nne. Mhasibu alikuwa na mafua madogo, hakusema. Mbizi ya nne sikio lilikataa kufunguka kwenye mita sita, akalilazimisha. Mkamia maji hayanywi. Alipotoka alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama kuku aliyesikia kitu, na daktari alimwambia asiingie tena majini wiki ile.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu, na siubadilishi: mbizi mbili asubuhi, mapumziko marefu, moja alasiri au usiku. Siku ya nne, moja tu. Masikio yafungue kabla hayajauma, kila unaposhuka mita; yakikataa, panda mita moja, jaribu taratibu, yakikataa tena, toka. Hakuna anayekudai. Na kila kundi liwe na kanuni kwamba mtu yeyote anaweza kusema "leo sizamii" bila kuulizwa sababu.

Mhasibu hakununa kwa muda mrefu. Alikaa ufukweni na daftari, akaandika nani kaingia saa ngapi na atoke saa ngapi, na ikawa ndiyo kazi ya maana kuliko zote. Ningeenda tena leo, ningehakikisha kila siku mmoja wetu anabaki nchi kavu kwa zamu, hasa usiku.

Kuingia majini ndiko kunakowaumbua watu, si kuzamia. Ufukwe wa Bonaire si wa mchanga wa kwenye kalenda. Ni mawe na vipande vya matumbawe makavu vinavyobiringika chini ya kiatu, na wewe mgongoni una mtungi wa kilo kumi na tano hivi. Viatu viwe na soli ngumu. Wawili wawili mshikane mikono, mapezi yakiwa mkononi mwingine, miwani usoni na regulata, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni tayari, kwa sababu ukianguka utaangukia kifudifudi. Simama kwanza uhesabu mawimbi. Yakipungua, tembea bila kusita hadi maji yafike kifuani, jaza jaketi hewa, lala chali, ndipo uvae mapezi. Anayejaribu kuvaa mapezi akiwa amesimama kwenye maji ya goti hugalagazwa, na mimi nina kovu gotini la kuthibitisha.

Kabla ya hapo, fungua kila mtungi ukiwa bado kwenye pikapu, usikilize. Ukisikia *sss* shingoni, ni kile kiringi cha mpira kimekatika. Beba vya akiba kumi mfukoni pamoja na kijiti cha kuving'oa. Ni kitu cha senti kadhaa, na kisipokuwepo watu sita wanageuza gari.

Ndani ya pikapu msiache kitu. Simu, pochi, pasipoti, vyote vibaki nyumbani. Milango msifunge, vioo viteremsheni. Hivyo ndivyo wenyeji watakavyowashauri, maana mwizi akikuta kioo kimefungwa atakivunja, na kioo utakilipa wewe. Barabarani hakuna hata taa moja ya kuongozea magari, ila kuna punda wa mwituni wasio na haraka. Na mkielekea Karpata, kaskazini, sehemu ya barabara ya pwani ni ya kwenda tu: ukipitiliza jiwe lako hugeuzi, unazunguka hadi mji wa Rincon ndipo urudi. Anayekaa mbele na dereva kazi yake iwe kusoma mawe, asichezee redio.

Wapi pa kuzamia? Anzeni rahisi. Njiani kwenda kaskazini kuna pahali paitwapo 1000 Steps. Ngazi hazifiki hata mia, lakini jaribu kuzipanda na mtungi mgongoni uone kama utabisha jina. Mkipata siku ya boti, nendeni Klein Bonaire, kisiwa kidogo kisicho na watu mbele ya mji wa Kralendijk. Huko kasa tuliwaona hadi tukaacha kuoneshana.

Hilma Hooker msubiri hadi siku ya tano, na waende wenye cheti cha kina hicho tu. Ni meli ya mizigo ya mita 72. Mwaka 1984 ilikamatwa na shehena kubwa ya bangi iliyofichwa nyuma ya ukuta wa uongo, wenyewe hawakujitokeza, ikahamishwa kutoka gatini, na Septemba 12 ikazama. Imelala kwa ubavu wa kulia kwenye mchanga, mita 30 hivi. Fanyeni hesabu hii mezani, kwa kalamu: mtungi wa lita 11 wenye bar 200, ukiacha 50 za akiba, unakupa lita 1,650. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu, kwenye mita 30 atavuta 80, maana shinikizo ni mara nne. Hiyo ni dakika ishirini, pamoja na kushuka na kupanda. Kwa hewa ya kawaida, muda wa kukaa kina hicho bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda nao ni kama dakika ishirini. Nitroksi ya asilimia 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, inakuongezea muda ambao mwili unavumilia kina, haikuongezei hewa mtungini. Sisi tulikubaliana kugeuka mtungi ukibaki bar 120, tukapanda polepole, tukamalizia kwenye matumbawe ya juu, na dakika tatu za kusimama kwenye mita tano kabla ya kutoka hazikuwa na mjadala. Ndani ya meli hatukuingia. Nje yake panatosha.

Usiku, pazuri kwangu ni gati la chumvi la kusini, lakini ulizeni kwanza: meli ikiwa inapakia, hapazamiwi. Nguzo zake zimevaa sponji nyekundu na za machungwa ambazo mchana hazionekani rangi. Nilimkuta pono amelala ndani ya utando wa ute alioutengeneza mwenyewe, kama mtu ndani ya chandarua, nikageuza taa haraka. Ndipo kitu kikapita juu ya bega langu. Tarponi, samaki wa urefu wangu, magamba kama sahani za fedha, amejifunza kwamba mwanga wa wazamiaji humwonesha kitoweo. Hana shida na wewe. Ila samaki mdogo ukimmulika sana umemhukumu, kwa hiyo taa ielekeze kwenye mchanga.

Siku ya mwisho msizamie kabisa: baada ya mbizi za siku nyingi, kaeni angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Osheni vifaa alfajiri, vianikeni, kisha mrudi kusini mkiwa wakavu. Mtaona vilima vya chumvi vyeupe, heroe wa waridi kwenye mabwawa, na vile vijumba vya watumwa vilivyojengwa 1850, karibu na maji. Havifiki urefu wa mtu mzima, nilipoingia nilitambaa. Waliokata chumvi walilala humo wiki nzima, na familia zao zilikuwa Rincon, mwendo wa saa saba kwa miguu. Hatukupiga picha ya kundi pale.

Tulikwenda Rincon kwa gari, chini ya saa moja tu, mhasibu akatoa kilichobaki mfukoni tukala mchuzi wa mbuzi. Tuliporudi suti mbili zilikuwa bado zinachuruzika, maana wenyewe walizianika kivulini. Zianike kwenye upepo, ndani ikiwa nje. Suti mbichi hulipiwa kilo zake uwanja wa ndege.