Kufunga Ramadhani ukiwa na kisukari: maandalizi, daku na futari

Hatua ya kwanza hufanyika kabla mwezi haujaandama. Wiki sita hadi nane kabla, nenda kliniki na dawa zako zote pamoja na daftari la vipimo, ili daktari apime kama funga unaiweza. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mjamzito anayetumia insulini, mwenye maradhi makubwa ya figo na aliyewahi kuzimia hivi karibuni kwa sukari kushuka kwa kawaida hushauriwa wasifunge, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Kurani, Sura ya Pili, aya ya 185.

Pili, dawa zipangwe upya. Insulini na glibenklamidi zaweza kuishusha sukari tumbo likiwa tupu, ilhali metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Usijihamishie dozi ya asubuhi kwenye daku kwa kukisia.

Tatu, daku liliwe karibu na alfajiri, si saa sita usiku. Mbaazi au yai, mboga, kipande cha muhogo na maji ya kutosha vinatosha.

Hatua ya nne ni futari, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa kuwa sinia moja hubeba tambi za sukari, viazi vya nazi, magimbi na kaimati, vyote vikiwa wanga. Fungua kwa maji na tende moja au mbili, sali Magharibi, kisha jipakulie sahani yako mwenyewe: nusu mboga, robo samaki au kunde, robo wanga wa aina moja tu. Ukichagua magimbi, viazi vingoje kesho. Kaimati ukizitamani sana, omba utengewe moja kabla hazijatiwa shira, ingawa bado ni unga uliokaangwa.

Tano, pima sukari kabla ya daku, adhuhuri, alasiri na saa mbili baada ya kufuturu; kuchoma kidole hakubatilishi funga. Ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita (70 kwa mashine za miligramu) au ikipita 16.7 (300), fungua papo hapo, hata kama adhana imebakiza dakika kumi. Iliyoshuka, ambayo mara nyingi huja na jasho na kutetemeka, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa haijapanda. Ikishapanda, kula chakula, na usifunge tena kabla hujazungumza na kliniki.