Kuzalisha nyumbu: usilegee baada ya mtoto kuzaliwa

Katika nyanda za juu za Ethiopia, nyumbu wa kufugwa, yaani baghala, bado anategemewa sana kubeba watu na mizigo kwenye njia za milimani. Huzaliwa punda dume anapompanda farasi jike. Ukigeuza, farasi dume kwa punda jike, mimba hushika kwa shida zaidi. Mimi siishauri njia hiyo.

Farasi ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 64, punda 62, na mtoto wao 63, idadi isiyogawanyika kwa jozi. Ndiyo maana karibu nyumbu wote ni tasa. Kila nyumbu unayemtaka lazima azaliwe na farasi, basi usiwapandishe majike wako wote kwa punda, utakuja kukosa farasi wa kuendeleza kizazi.

Punda dume aliyekulia kati ya punda watupu mara nyingi humkataa farasi. Mteue mapema, mlee pamoja na farasi tangu akiachishwa kunyonya. Siku ya kupandisha, kama ni mfupi, msimamishe jike mahali palipoinama na umpe dume muda, kwani punda hana haraka. Kwanza daktari wa mifugo awapime wote wawili malale ya farasi yanayoambukizwa kwa kupandana. Ugonjwa huo upo Arsi na Bale, huko huko Ethiopia.

Mimba ya farasi huchukua miezi 11 hivi. Mtoto akishazaliwa ndipo wafugaji wengi hulegea, na ndipo hasara inapoingia. Seli nyekundu za damu za punda zina alama ambayo farasi hana. Mtoto huirithi kwa baba, na mama, hasa aliyewahi kuzaa nyumbu, anaweza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili ndani ya damu, za kuishambulia. Kingamwili hizo hujaa katika maziwa ya kwanza. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya vizuri, kisha siku ya kwanza au ya pili analegea, fizi zinapauka na kugeuka manjano, mkojo unakuwa mweusi. Wengi hudhani ni baridi. Akifikia hapo mwite daktari mara moja, maana anaweza kuhitaji kuongezewa damu.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Wiki mbili kabla ya kuzaa, damu ya mama ipimwe maabara dhidi ya damu ya punda aliyempanda. Ikionekana hatari, mfunge mtoto kikapu mdomoni kwa siku mbili asimnyonye mama, kamua maziwa ya mama uyamwage, na ndani ya saa chache za mwanzo umnyweshe maziwa ya kwanza ya farasi mwingine ambaye hajawahi kubeba mimba ya punda. Usimwache bila maziwa hayo, maana ndiyo kinga yake dhidi ya maradhi. Baada ya siku mbili mrudishe kwa mama yake.

Nyumbu dume ahasiwe akiwa mdogo. Ni tasa, lakini asipohasiwa atasumbua majike na kuwa mkali. Mzigo mzito usubiri hadi atimize miaka minne.