Kuchuja Wachezaji wa Raga Unguja na Pemba kwa Majaribio ya Timu ya Taifa

Visiwani waliokulia ndani ya raga ni wachache. Mchujo wetu basi hauwezi kuiga wa Nairobi, ambako kocha anachagua kati ya watu wanaocheza ligi. Hapa unachagua mtu kwanza, mpira unakuja baadaye. Mchukue kwa yale usiyoweza kumfundisha ndani ya wiki nane: kasi, pumzi, uthubutu wa kugongana na jicho la kuona mwanya. Pasi na kanuni utampa mwenyewe. Na lenga raga ya wachezaji saba kila upande. Kikosi ni watu 12, saba ndani na watano benchi, wala haikulazimishi kusaka mapropu, wale wazito wa mstari wa mbele, wa kilo 110.

Karatasi kabla ya jasho

Kwa kanuni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, mtu anaruhusiwa kuichezea nchi aliyozaliwa, au aliyozaliwa mmoja wa wazazi, babu au bibi zake, au aliyoishi miezi 60 mfululizo, au jumla ya miaka 10. Hapo sisi tuna bahati: kijana wa Mombasa au Muscat ambaye bibi yake kazaliwa Wete, Pemba, anaweza kuichezea Tanzania. Tabu ni ushahidi, maana vyeti vya wazee havipatikani kwa urahisi, na kuvifuatilia huchukua muda mrefu kuliko mazoezi yenyewe. Muulize kila mchezaji siku ya kujiandikisha kama kashawahi kuchezea timu ya taifa ya nchi nyingine. Aliyecheza hafungiwi milele, ila lazima ipite miezi 36 na awe na uhusiano wa kuzaliwa, yeye au wazee wake. Ukaazi peke yake hautamsaidia. Pasi ya kusafiria iombwe mapema, siyo wiki ya safari.

Pa kuwatafuta

Magolikipa. Wanadaka mpira wa juu huku wakigombaniwa na hawaogopi kuanguka, na katika raga ya saba anayeshinda mipira ya kuanzia ndiye anayeshinda mechi: kila baada ya alama, timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira kwenda kwa wenzao. Washambuliaji wa soka wana kasi, lakini wengi hufumba macho wanapogongwa. Wachukuzi wa bandarini wana nguvu za mgongo na miguu. Pumzi yao ndiyo ya kupimwa kwa makini. Kwa wanawake anzia kwenye netiboli na mpira wa mikono. Mchezaji wa netiboli anadaka vizuri sana, ila akishadaka anasimama, na tabia hiyo huchelewa kutoka. Hijabu inaruhusiwa na kanuni mradi isimhatarishe mvaaji wala wenzake, kwa hiyo mwalimu wa skuli asiwazuie wasichana kwa sababu hiyo.

Siku ya majaribio

Wasizidi 40, na watazamaji wanne wenye kalamu. Wavae namba, majina yabaki kwa katibu mpaka alama zijumlishwe. Kisiwa ni kidogo, kila mtu ni mtoto wa fulani.

Pima mbio za mita 40, na chukua muda wa mita 10 za mwanzo peke yake. Huo ndio unaotumika zaidi uwanjani. Rudia mara sita, kila baada ya sekunde 30. Anayekuvutia katika mbio ya kwanza akaporomoka katika ya nne ni mtu wa benchi. Nusu ya mechi ni dakika 7 tu, lakini mashindano yana mechi mbili au tatu kwa siku.

Kisha kipimo cha Bronco. Weka koni sifuri, mita 20, 40 na 60. Mchezaji aende 20 arudi, 40 arudi, 60 arudi: hizo ni mita 240. Afanye hivyo mara tano bila kupumzika, jumla mita 1,200. Chini ya dakika 5 kwenye nyasi ni pumzi ya kufanyia kazi. Wenye pumzi zaidi kimataifa hushuka chini ya dakika 4 na nusu. Usilinganishe muda wa mchangani na wa kwenye nyasi, na usiwapime waliofunga. Bronco ya saa kumi jioni ndani ya Ramadhani inakuonesha nani kala daku vizuri, basi.

Kukaba, yaani kumshika mwenye mpira na kumwangusha, kwa mara ya kwanza kufanyike ufukweni. Upande wa Paje na Jambiani maji yakipwa unapata mchanga mpana, mgumu kiasi cha kukimbilia na laini kiasi cha kuangukia. Upite kwanza kwa miguu kuondoa mawe, chupa na vigae. Waanze kwa magoti, kisha kutembea, kisha mbio, kinga ya meno mdomoni. Angalia kichwa: anayekaba akiweka kichwa mbele ya mapaja ya anayekimbia ataumia, mrekebishe papo hapo. Bega liguse chini ya kifua, mikono ifunge, miguu iendelee kusukuma. Yeyote aliyegongwa kichwa akayumba au kuchanganyikiwa anatoka na harudi siku hiyo, hata akikuapia kuwa yu mzima.

Wapiga mpira wapimwe pande zote mbili za uwanja. Kusi likivuma, teke linalofika mita 25 kwa kufuata upepo linaweza lisifike hata zile mita 10 zinazotakiwa kwa kuanzia. Katika raga ya saba hata teke la nyongeza baada ya trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) ni la kuudundisha mpira chini kwanza, kwa hiyo ufundi ni mmoja. Mtafute mwenye kudondosha mpira ukae wima kila mara.

Mechi fupi, na cha kutazama humo

Wagawe saba kwa saba, dakika nne nne. Mtazamaji mmoja akae nyuma ya goli, maana ukiwa pembeni huoni mianya. Usiufuate mpira kwa macho. Mfuate namba 17, tuseme: kakaba, kaanguka chini ya mtu. Je, kasimama ndani ya sekunde tatu na kuingia kwenye mstari, au kabaki kwa goti akimtazama refa? Kapewa pasi mbovu, je, kamlaumu mwenzake au kauokota? Hayo yaandikwe, trai watakumbuka wenyewe. Mwenye chenga tamu asiyerudi kukaba ni gharama, kwa kuwa watu saba wanalinda upana wa karibu mita 70 na mmoja akilala pengo linaonekana kutoka jukwaani.

Kuunda wale 12

Watano wa mbele, watano wa nyuma, wawili wa kote kote. Ndani ya hao wawepo wadakaji wa juu watatu, wapigaji wawili, na angalau wanne waliofundishwa skramu, ule msukumano wa kufungana mabega, ingawa wanaosukumana ni watu watatu kila upande. Kadi ya njano ni dakika 2 nje, na ikimpata mpigaji wako pekee umekwama.

Majaribio ya Pemba yafanyike Pemba, Gombani kwa mfano, na watazamaji wale wale na koni kwa vipimo vile vile. Kumpima mtu aliyeshuka boti asubuhi ile, bahari imemchafua, ni kumwonea. Akilazimika kuja Unguja alale usiku mmoja kwanza.

Tangaza majina siku moja visiwa vyote viwili, pamoja na sita wa akiba. Aliyeachwa aambiwe ana kwa ana kitu kimoja cha kurekebisha, chenye namba: sekunde ngapi za Bronco, mipira mingapi ya juu kati ya kumi. Karatasi za alama zitunzwe na katibu, zitatumika mchujo ujao.